Msamaha wa Mama Honorable

Mama Verdiane hakukalia kiti alichoonyeshwa. Aliweka pochi yake juu ya kiti hicho, akakaza kitenge chake kiunoni, akabaki amesimama katikati ya ofisi ya naibu mkuu wa shule moja ya Sydney kama mtu anayesubiri ukumbi unyamaze. Yvette, binti yake, alimjua vizuri. Mama akisimama hivyo hotuba inakuja.

"Mama, kaa," alinong'ona. "Hapa watu wanaongea wamekaa."

"Weye nyamaza kwanza. Haya ni mambo ya walimu, niachie mimi." Mama alimfinya paja.

Nyuma ya meza alikaa naibu mkuu, mwanamke mwembamba aitwaye Bi Garrick, kompyuta yake ikiwa wazi mbele yake. Juu ya meza kulikuwa na simu, na ndani ya simu mkalimani, mwanamume wa Kitanzania ambaye hawakumwona na ambaye alijitambulisha kwa namba badala ya jina. Kwenye kiti cha pembeni alikaa Bénie, binti wa Yvette, mtoto wa miaka kumi na miwili, amevaa sare yake, anaangalia viatu vyake. Yeye ndiye waliyeitiwa.

Juzi yake, kwenye ngazi za shule, msichana mmoja jina lake Tahlia alianguka akavunjika mkono. Tahlia na rafiki zake wawili walisema Bénie alimsukuma. Bénie alisema Tahlia alimshika rasta kwa nyuma akamvuta, kama alivyozoea kumvuta tangu muhula uanze, naye akajichomoa, na yule mwenzake akaporomoka kwa nguvu zake mwenyewe. Palikuwa na ushahidi: nyuma ya sikio la Bénie palikuwa na kiraka chekundu, nywele zimeng'oka na mizizi yake. Yvette alikuwa amejipanga kumgeuza mtoto kichwa na kuwaonyesha. Maneno ya Kiingereza alikuwa ameshayachagua.

Lakini mama yake ndiye aliyeanza.

"Madame Directrice," alisema Mama Verdiane, kwa ile sauti yake iliyonyooka, "kwanza tunakusalimia. Mimi ni mwalimu kama wewe. Nilifundisha Uvira miaka mingi, nikakabidhiwa shule, kisha wananchi wakanituma kwenye Bunge la mkoa wetu, wakati ambapo mwanamke mle ndani alikuwa kitu cha kushangaa. Ninajua uzito wa kiti chako. Sisi wazazi tumekuja kuomba msamaha. Mtoto wetu amekosa. Tumekosa sisi sote, maana mtoto ni wa nyumba nzima. Utusamehe, na yule mtoto aliyeumia atusamehe, na wazazi wake."

Akainamisha kichwa. Akakunja magoti kidogo, magoti yake mabovu, akapiga makofi matatu madogo ya heshima. Kisha akangoja.

Mkalimani alitafsiri yote, hakuacha neno. Yvette aliyasikia maneno ya mama yake yakitoka upande wa pili kwa Kiingereza, baridi, yamenyooka, bila magoti na bila makofi: mtoto amekosa, familia inaomba msamaha kwa alichofanya. Vidole vya Bi Garrick vilianza kukimbia juu ya kompyuta.

"Asante sana kwa ukweli wenu," alisema Bi Garrick, na kweli alionekana amefurahi. "Si familia nyingi zinazokuja hapa na kukubali kosa."

Mama Verdiane alibaki ameinama. Alikuwa bado anangoja.

"Bibi anaweza kukaa," Bi Garrick alisema.

"Lakini hakumsukuma," Yvette alisema haraka, kwa Kiingereza, na maneno aliyoyachagua yakamponyoka yote. "Yule msichana anamvuta nywele. Kila siku. Angalia hapa..."

Bi Garrick aliinua kiganja, taratibu, kama anayesimamisha gari. "Mama, naelewa ni vigumu. Lakini bibi yake ameshalisema, mbele yetu sote."

"Sikumsukuma!" Bénie alisimama, akamgeukia bibi yake, machozi yakimtoka. "Koko, kwa nini umesema nimefanya?"

"Bénie! Adabu!" Mama Verdiane alimkemea. "Mbele ya mwalimu wako? Kaa chini!"

Mtoto akakaa. Bi Garrick akaandika na hilo.

*

Kwenye kituo cha basi magari mengi yalipita. Bénie alikaa mwisho kabisa wa benchi, begi kifuani, amewapa mgongo.

"Hakusema," Mama Verdiane alisema hatimaye. Alikuwa kama anaongea na barabara. "Nilimngoja aseme, hakusema."

"Aseme nini?" Yvette aliuliza.

"Aseme: simama, mama, mtoto ni wetu sote. Hata bonjour ya kweli hakutupa."

Yvette aligeuka akamwangalia. Ndipo alipoelewa alichokifanya mama yake, na kuelewa kukamzidishia hasira.

Kwao mambo ya shule yalianza hivyo. Mzazi akiitwa, hafiki na utetezi mdomoni kama mtu anayekwenda kugombea mbuzi. Anafika na "tumekosa", hata kama mtoto wake alikuwa amelala nyumbani siku yenyewe. Hilo ndilo lilikuwa neno la kufungulia kikao. Mwalimu naye alikuwa na neno lake: simameni, yaishe. Baada ya hapo watu wanavuta viti, mtoto anaulizwa, mashahidi wanaulizwa, na kweli inatafutwa bila mtu kuaibika. Mama Verdiane alipokuwa mkuu wa shule, wazazi walimpigia magoti mara nyingi kiasi kwamba hakuhesabu. Hata siku moja hakuchukua goti la mtu akalifanya ushahidi. Mwalimu wa kufanya hivyo asingepata hata mtu wa kumuuzia chumvi sokoni.

"Mama, hapa si Uvira."

"Adabu ni adabu popote."

"Umesema mtoto amekosa! Umemwambia kwa mdomo wako!"

"Nilikuwa nafungua mlango, Yvette! Weye ungefungua na nini? Na ule uso wako wa kuogopa kila mtu?"

Bénie aliongea bila kugeuka, kwa Kiingereza, kama alivyowajibu siku zote walipomsemesha Kiswahili. "Koko amefungua mlango, ndiyo," alisema. "Wamenitupa nje kupitia hapo hapo."

Basi likaja. Mama Verdiane aligusisha kadi yake kwenye mashine, mashine ikalia vibaya, dereva akamwambia agusishe tena, akagusisha tena, ikalia tena. Watu nyuma walianza kupumua kwa sauti. Mheshimiwa wa zamani alisimama pale mlangoni akiigeuzageuza kadi, hadi mjukuu wake aliponyoosha mkono kwa hasira, akaichukua, akaigusisha mwenyewe.

*

Uamuzi ulimfikia Yvette kazini siku ya tatu yake, kwenye simu. Alikuwa ametoka kumwogesha mzee mmoja katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na Westmead, mikono yake bado inanuka sabuni. Alisoma mstari wa kwanza, akaenda kumtafuta Hope.

Hope alikuwa muuguzi, Mtanzania wa Mbeya, mtu wa kucheka hata na wagonjwa wasiojua jina lake. Aliposoma, hakucheka.

"Wamemfukuza, dada."

"Hiyo nimeiona. Soma huku chini."

"Wanasema kwa kuzingatia kwamba familia yenyewe imekiri na kuomba radhi..." Hope alinyanyua macho. "Nani alikiri?"

"Mama yangu."

"Mheshimiwa?"

"Nani mwingine."

"Mungu wangu. Yvette, hapa ukigonga gari la mtu, hata kama umeumia wewe, usimwambie samahani. Mimi niliambiwa wiki ya kwanza. Kwao samahani ni kutia sahihi kwamba umekosa."

"Mimi najua! Nilikuwa na la kusema, akanifinya paja ninyamaze. Nina miaka ishirini na tisa, Hope, nafinywa paja ofisini mbele ya wazungu."

Hope alitaka kucheka hapo, akajizuia. Akamwonyesha palipoandikwa kuhusu rufaa, na kwamba familia inaweza kusikilizwa kwenye ofisi ya elimu ya eneo. "Lakini mwenye neno ndiye anaweza kuliondoa," alisema. "Wewe ukienda peke yako watasema mama mtu anamtetea mwanawe tu. Mheshimiwa mwenyewe aende aseme: sikukiri, yafuteni."

Yvette aliegemea ukuta. Mlango wa pili ulifunguliwa, msimamizi akatoa kichwa, akauliza kama mapumziko yameanza mapema leo bila yeye kujulishwa. Aliuliza huku anatabasamu. Yvette akarudisha simu mfukoni, akavaa glavu nyingine.

"Hawezi," alimwambia Hope walipokuwa wakitembea. "Humjui mama yangu. Huyo hafuti neno."

*

Jumapili, baada ya ibada, Papa Déo alikuja kula. Papa Déo alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya watu wa kwao, mtu mnene mwenye suti ya rangi ya maziwa, dereva wa lori la makontena huko Port Botany, na alipenda kukaa karibu na Mama Verdiane kama watu wengine wanavyopenda kukaa karibu na dirisha. Kwenye kila sherehe ya jumuiya yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti na kutangaza: tunaye Mama Honorable, mwalimu wa walimu, mwanamke aliyekaa Bungeni wakati wanaume wanatetemeka! Watu wakapiga vigelegele. Kisha akakaa, wanaume wakajadili mambo ya jumuiya, naye Mama Honorable akaletewa sahani ya kwanza.

Bénie alikuwa amejifungia chumbani. Foufou, ugali wa kwao, ilikuwa mezani, na samaki, na sombe ya majani ya muhogo, na Yvette alikuwa bado hajakaa.

"Mama, Jumatano nimeomba ruhusa kazini," alisema. "Tunakwenda kwenye rufaa. Utawaambia hukukiri. Utawaambia unafuta yale maneno."

Mama Verdiane alinawa mikono polepole. "Nitawaelezea mila yetu."

"Mila hawataki. Wanataka neno moja. Umefuta au hujafuta."

"Binti," Papa Déo aliingia kati, donge la foufou mkononi, "neno la mtu kama Mama si karatasi ya kuchana. Jumuiya nzima inasimama juu ya heshima yake. Leo aende kwa wazungu aseme mimi nilisema uongo? Watatuonaje? Mtoto atapata shule nyingine. Shule hapa Sydney ni nyingi kama maduka."

"Papa Déo, watoto wako wamefukuzwa mara ngapi?"

"Wangu? Hakuna hata mmoja, Mungu asifiwe."

"Basi kula samaki."

Mama Verdiane alikaza macho. "Yvette. Mgeni huyo."

"Mgeni ninamheshimu. Ninakuuliza wewe. Utafuta?"

"Mimi sijawahi kufuta neno langu!" Mama Verdiane alipiga meza, na mchuzi ukaruka. "Unajua hilo kuliko mtu yeyote! Bungeni mle nilisimama nikataja nani wanakula mishahara ya walimu. Rais wa Bunge akaniambia, Honorable, futa. Wanaume wote wananikodolea macho. Wanawake wenzangu wawili wameinamisha vichwa. Futa! Nikamwambia sifuti hata herufi!"

"Ninajua."

"Basi unaniomba nini?"

"Ninajua kwa sababu nilikuwepo, Mama!" Yvette hakuwa mtu wa kupaza sauti, na ilipotoka, ilitoka imepasuka. "Nilikuwa darasa la tano. Wale watu uliowataja walikuja nyumbani, hawakuja Bungeni. Tulivuka kwenda Burundi na nguo za kulalia. Ulisema wiki mbili tu tutarudi, nitafanya mtihani. Mtihani gani? Kambini ulifundisha watoto wa watu wote chini ya turubai, mimi nikachota maji, juu ya nini? Juu mwalimu lazima ale, mwalimu lazima anawe. Nikiwa na miaka kumi na sita niko na mimba. Hapa wanaita jina lako na vigelegele. Neno lako hukulifuta, Mama. Walinifuta mimi."

Papa Déo aliliangalia donge lake la foufou kana kwamba limeandikwa kitu.

Katika maisha yake Mama Verdiane alikuwa amejibu mawaziri, maaskofu na makanali, na mara nyingi aliwaacha wakitafuta mahali pa kuweka mikono. Lakini hili lilikuwa halijawahi kuulizwa mezani kwake.

"Chakula kinapoa," alisema hatimaye.

"Kipoe," alisema Yvette, na akaenda kukaa na mtoto wake.

*

Jumatano Mama Verdiane alivaa gauni la kawaida la kijivu, bila kitenge na bila kilemba. Yvette aliliona hilo na hakuuliza. Hawakuwa wamesemeshana tangu Jumapili isipokuwa kwa habari za chumvi na mlango.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne. Safari hii mkalimani alikuwepo mwenyewe, Mkenya kijana aitwaye Muriuki, aliyewasalimia "shikamoo" kwa lafudhi ya kusoma. Msikilizaji wa rufaa aliitwa Bwana Prentice, mtu mpole, mwenye soksi za rangi, aliyewauliza kama wangependa maji. Bi Garrick pia alikuwepo, pembeni.

Mama Verdiane alikaa. Mikono aliiweka mapajani, na Yvette aliona jinsi kidole gumba kimoja kinavyokikandamiza kingine.

"Siku ile nilisema mtoto wetu amekosa," alisema. "Leo ninayafuta maneno hayo. Bénie hakumsukuma yule mtoto. Mimi sikuwepo, na sikuwa na haki ya kusema alichofanya. Kwetu mzazi anaanza kwa kuomba radhi, ndipo mwalimu aulize kweli. Nilianza hivyo. Mwalimu hakuuliza. Ninayafuta yote."

Muriuki alitafsiri. Bwana Prentice aliitikia kwa kichwa, akaandika, akafikiri.

"Nataka tu kuelewa," alisema kwa upole wake wote. "Kwa hiyo bibi hakusema ukweli siku ile? Au leo ndiyo...?"

Muriuki alisita kabla ya kulitafsiri. Alilitafsiri akiangalia meza.

Yvette aliona damu ikipanda shingoni mwa mama yake. Alimwona akivuta pumzi, zile pumzi za zamani, na akajua ndani yake kuna maneno ya kumchana mtu huyu pamoja na soksi zake. Alingoja yatoke. Nusu yake ilitaka yatoke.

"Siku ile nilisema jambo nisilolijua," Mama Verdiane alisema. Sauti ilikuwa ndogo kuliko Yvette alivyowahi kuisikia. "Aandike hivyo. Nilisema nisilolijua."

Bwana Prentice akaandika hivyo. Kisha Yvette akamgeuza Bénie kichwa, taratibu, akafunua nyuma ya sikio. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, vinyweleo vifupi kama vumbi, lakini kiraka bado kilionekana. Bénie mwenyewe akasimulia tena, kwa Kiingereza chake kilichonyooka kama cha yeyote mle ndani: ngazi, mkono nyuma ya kichwa, maumivu, kujichomoa, mlio. Bwana Prentice akamwuliza Bi Garrick kama shule ilikuwa imeangalia kichwa cha mtoto. Bi Garrick alisema kwamba, kwa kuwa familia ilikuwa imekubali kosa, haikuonekana lazima.

"Haikuonekana lazima," Yvette alirudia, kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Muriuki akalitafsiri na hilo pia. Bi Garrick alikunywa maji.

Bwana Prentice aliweka kalamu chini, akakunja mikono. Alisema anaona njia ya kulimaliza jambo bila kuwaumiza watu. Bénie arudi shuleni kwake Jumatatu. Pangekuwa na kikao kidogo cha mapatano, na Bénie amwambie Tahlia pole, samahani, neno moja tu, ili wote wasonge mbele.

Yvette alihisi mwili wake wote unasema ndiyo. Jumatatu! Darasa lile lile, marafiki wawili wa Bénie, basi moja tu. Alikuwa ameshamshika mtoto mkono. Neno moja. Angekuwa yeye, darasa la tano, mtu akamwambia sema neno moja urudi darasani, angelisema kwa lugha zote.

Bénie alimwangalia. Hakuomba kitu, alingoja tu kuona mama yake ni mtu gani.

"Swali," Yvette alisema kwa Kiingereza. Shavu lilikuwa linawaka. "Akisema samahani, mtaandika nini?"

"Itawekwa tu kwamba amekubali wajibu wake katika tukio."

"Na Tahlia atasema samahani ya nywele?"

"Familia ya Tahlia haipo hapa leo. Siwezi kuwasemea."

"Lakini mimi unanisemea."

"Mama, ninajaribu kuwasaidia. Baba wa yule msichana ameshazungumza habari za mwanasheria. Mkimaliza kwa neno la upole..."

"Yule baba atachukua neno la upole atampelekea mwanasheria," alisema Yvette. Kiingereza chake kilikuwa kinavunjika na hakukijali tena. "Mama yangu alisema samahani, mmemfukuza mtoto. Sasa mtoto aseme samahani, mtafanya nini? Hapana. Hasemi."

"Yvette," Mama Verdiane alinong'ona, "Jumatatu angerudi..."

"Hasemi, Mama."

Bwana Prentice alizitazama sura zile tatu, moja baada ya nyingine, akachukua kalamu yake. Alisema watajulishwa kwa simu.

*

Simu iliwakuta Ijumaa jioni, na iliwakuta na wageni.

Papa Déo alikuwa amekuja na wazee wawili wa kanisa. Habari zilikuwa zimeshatembea kwenye jumuiya, kwamba binti wa Mama Honorable amemburuta mama yake mbele ya wazungu akamlazimisha ajiite mwongo. Waliketi kwenye makochi, kila mmoja na fanta yake na sahani ya karanga, na Papa Déo alikuwa ameanza mbali, tangu amri ya kuwaheshimu baba na mama.

"Kwa hiyo, binti," alifika mwisho, "hatukuja kugombana. Hili ni jambo dogo. Piga goti hapa mbele yetu, umwombe mama yako radhi, tuombe, yaishe. Kesho kutwa kanisani hakuna atakayelitaja."

"Ni goti tu," mzee mmoja aliongeza kwa wema.

Yvette alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, miguu inamuuma. Aliwaangalia wanaume watatu na fanta tatu, na alitaka kucheka au kutupa sahani, hakujua kipi. Hapo ndipo simu ilipolia mfukoni mwake, namba ya ofisi, naye akaipokea pale pale.

Alisikiliza. Alisema "yes" mara kadhaa. Akauliza shule gani, na iko wapi, akarudia jina lake. Wazee waliacha kutafuna. Mlango wa chumba cha Bénie ulifunguka ufa.

"Wamefuta kumfukuza," alisema alipoikata. Alikuwa anamwambia Bénie, si wao. "Lakini hurudi pale. Jumatatu unaanza shule nyingine. Ni mbali, treni na basi."

"Bwana asifiwe!" Papa Déo aliinua fanta.

Bénie alitoka hadi ukumbini. "Wamesema sikumsukuma?"

"Hapana. Wamesema hawana uhakika."

"Kwa hiyo bado wanaona nilimsukuma."

"Ndiyo," alisema Yvette. "Wanaona hivyo. Utakwenda hivyo hivyo na utasoma hivyo hivyo."

Mtoto aliuma mdomo. Hakulia. Aliuliza treni ni ya saa ngapi.

"Basi mnaona," Papa Déo alisema, "Mungu ametenda. Sasa tumalizie lile letu. Binti, njoo..."

"Déo."

Ilikuwa sauti ya Mama Verdiane. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na televisheni tangu wageni wafike, na hakuna aliyemwuliza chochote, kwa sababu walikuja kwa ajili yake. Hakusimama. Na hakumwita Papa, na wazee wale walilisikia hilo.

"Nani alikutuma?"

"Mama Honorable, ni kwa heshima yako..."

"Mimi nimekuambia nimekosewa? Nimekupigia simu? Nimelia kwako?"

"Hapana, lakini jumuiya..."

"Niliacha mtoto wangu achote maji ili nifundishe wa watu. Nikamtoa mjukuu wangu shuleni kwa adabu zangu. Jumuiya ilikuwa wapi? Ilikuwa inanipigia makofi." Alishika mikono ya kiti. "Katika nyumba hii hapigi goti mtu. Si kwako, si kwangu. Maliza fanta yako uende, mtoto anataka kulala mapema."

Hakuna aliyemaliza fanta. Waliaga kwa kunung'unika, wakavaa viatu mlangoni wakigongana viwiko. Papa Déo kwenye ngazi alisikika akisema kwamba uzee ni kitu kibaya.

Yvette alikusanya chupa. Hakumwangalia mama yake, na mama yake hakutaka kuangaliwa. Ilikuwa imebaki kati yao ile miaka yote, darasa la tano na turubai na ndoo, na jioni moja isingeweza kuizoa.

"Jumatatu una shifti ya asubuhi," alisema Mama Verdiane baada ya muda.

"Nitawaambia siendi."

"Watakukata mshahara."

"Wakate."

Bénie alikuwa ameketi sakafuni na simu ya mama yake, anatafuta njia. Treni ya kwanza kutoka Bankstown, kubadilisha, kisha basi. Alihesabu kwa midomo, akainua kichwa, akawaambia kwa Kiingereza kwamba itabidi aamke kukiwa bado giza, na akauliza kwa hasira, hasira kubwa kuliko mwili wake, ni nani kati yao atakayemsuka nywele kabla ya hapo, kwa sababu haendi mahali popote na kichwa kilichofumuka, na safari hii anataka zisukwe fupi, zibanwe kabisa, pasiwe na pa kushika.

"Leta kitana," Yvette alisema.